Kulungu Kumi na Wawili wa Ožbej

Muuguzi alimwambia Marjana amnawishe mtoto mikono. Alimwambia mara tatu, polepole, kwa sauti ile inayotumiwa kwa wageni na viziwi.

"Namnawisha," Marjana alisema.

"Kila anapotoka nje. Kabla ya kula, kabla ya kulala. Na kucha zikatwe fupi."

Marjana akauinua mkono wa binti yake juu ya meza. Kucha za Neža zilikuwa zimekatwa hadi karibu na nyama. Muuguzi alizitazama.

"Basi endelea hivyohivyo," akasema, akamsukumia kijitabu chenye picha ya sabuni.

Neža alikuwa na miaka miwili na nusu, na damu yake ilikuwa na madini ya risasi mia na arobaini. Bondeni kwetu hatuulizi mia na arobaini ya nini. Tunazijua namba hizo kama watu wa kwingine wanavyojua namba za viatu vya watoto wao. Ikifika hamsini, daktari anakunja uso. Ikifika mia, anakuita ofisini na kufunga mlango. Kiwanda cha kuyeyushia madini kilishazimwa tanuri, bomba lake la moshi limebaki kusimama kama mgeni asiyejua kuaga, lakini moshi wa miaka mia tatu haukwenda mbinguni. Ulishuka. Umekaa kwenye udongo, na Neža alikuwa mtoto wa kula udongo. Ukimgeuzia mgongo kumimina chai, tayari ana konzi mdomoni, anatafuna kwa utulivu kama mzee anayetafuna tumbaku.

Kutoka zahanati Marjana alikwenda moja kwa moja halmashauri, mtoto begani.

Karani aliyeshika mambo ya udongo aliitwa Gorazd. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye ramani nzuri ukutani iliyopakwa rangi. Penye nyekundu, halmashauri huja na mashine, huchota udongo wote wa bustani na uwanja wa kuchezea, hushusha mwingine safi na kuotesha majani juu yake. Penye kijani, unapewa kijitabu cha sabuni.

"Ninyi ni wa Rebernica," Gorazd alisema, kidole juu ya kijani. "Huko ni safi."

"Nani kasema?"

"Kulungu."

Marjana alidhani anataniwa. Gorazd hakuwa na kipaji hicho.

"Udongo unabadilika hatua kwa hatua, dada. Hapa sumu, pale hakuna. Kulungu anakula mlima mzima. Pembe zake huanguka na kuota upya kila mwaka, na alichokula mwaka ule kinaingia humo na kubaki. Daktari Polona wa chuo kikuu amekusanya pembe za wawindaji bonde zima, kila jozi imeandikwa mwaka na mahali nyuma ya ubao inakotundikwa. Ametoboa, amepima, amechora." Akafungua kitabu. "Rebernica, kulungu kumi na wawili, miaka ishirini na tisa. Wote safi kabisa. Tena ni pembe za mkweo, Mzee Ožbej. Hongera."

"Mtoto wangu ana mia na arobaini."

"Naelewa."

"Huelewi. Sumu hiyo ameitoa wapi kama si nyumbani?"

"Ndiyo shida ya mtoto," alisema Gorazd kwa huruma ya kweli. "Mtoto si kipimo. Leo yuko kwenu, kesho yuko sokoni, keshokutwa kwa shangazi. Kulungu hatoki kwake."

Orodha ya bustani za kubadilishiwa udongo mwaka huu, alimweleza, ingefungwa Ijumaa ya wiki inayofuata, kwenye mkutano katika jumba la wazima moto. Kama ana ushahidi mpya, aulete. Ushahidi, si mtoto.

*

Ožbej alikuwa mezani anakula uji mzito wa ngano nyeusi na maziwa ya mgando, mgongo ameuelekezea ukuta wa sifa zake. Kumi na wawili walikuwa pale, mafuvu meupe juu ya mbao za mwaloni, pembe nene, nyeusi, zenye chunusi kama magome ya mti wa zamani. Jozi tano zilikuwa na medali ya dhahabu ya maonyesho ya pembe. Alipoazimwa pembe hizo na daktari wa chuo kikuu, mzee alinyoa, akavaa koti la kijani na kofia yenye manyoya, akapigwa picha ya gazeti. Alikuwa na miaka sabini na minane, na tangu siku ile alitembea kama mwenye sitini.

Mume wa Marjana, Simon, alikuwa anaendesha lori Ujerumani na kurudi kila wiki ya pili kubadilisha soksi, kwa hiyo Marjana alimmwagia mkwe wake habari.

"Wanasema mlima wetu ni safi, baba. Kwa sababu ya hawa." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Hakuna udongo mpya. Hongera, wamesema."

Kijiko cha Ožbej kilisimama njiani.

"Wamesema kijani?"

"Kijani."

"Labda yule mama wa chuo kikuu alitoboa vibaya."

"Kumi na wawili, wote vibaya?"

Mzee akaendelea kula, lakini alikula kama anayelipishwa kila tonge. Marjana alifikiri amekasirika kwa niaba ya mjukuu. Alimwonea huruma, akamwongezea maziwa.

Kesho yake asubuhi Ožbej alifunga trela kwenye trekta bila kuulizwa. Akapandisha barabara ya msituni, akarudi baada ya saa mbili na udongo mweusi, laini, wenye harufu ya uyoga. Akaumwaga pale Neža anapochezea. Akaenda tena.

"Umeutoa wapi?" Marjana aliuliza alipomwona anarudi mara ya pili.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu, mwanangu. Unataka nikutajie jiwe kwa jiwe?"

Safari ya tatu Marjana alimfunga Neža kitambaa cha kichwa, akapanda naye kwenye trekta kabla mzee hajapata neno la kumzuia. Walipanda hadi msitu ukaisha, wakavuka kijito cha Sušica, wakatokea ng'ambo ya mgongo wa mlima, mahali ambapo bomba la kiwanda halionekani tena hata ukisimama juu ya trekta. Huko ni eneo la chama kingine cha uwindaji. Kijito ndicho mpaka, na kila mwindaji wa kwetu anaujua kuliko anavyoijua siku aliyooa.

Hanzi, mwindaji wa chama hicho, alikuwa anawasubiri. Alikuwa ameketi juu ya kisiki kando ya shimo lililochimbwa, mzee mnene mwenye mashavu mekundu, fimbo kati ya magoti.

"Ožbej," alisema kwa upole. "Kulungu umewamaliza. Sasa umeamua kuhamisha na mlima?"

"Ni ndoo chache tu, Hanzi. Za mtoto."

"Kwenu hakuna udongo?"

Ožbej alitazama koleo lake.

"Maana gazeti lilisema wenu ni safi kama sahani ya padri," Hanzi aliendelea. "Nililisoma mara mbili. Nilicheka mpaka mke wangu akaniwekea kipimajoto."

"Kulungu gani amewamaliza?" Marjana aliuliza.

Hanzi akavua kofia, akamsalimia kwanza. Alikuwa mtu wa adabu hata anapochinja.

"Mwulize mkweo, dada, yule mkubwa wa medali, mwenye pembe ya kushoto iliyopinda kwa ndani, alimpigia wapi. Yule nilimwekea chumvi miaka minne. Nilimwita Askofu. Nilisema akifika miaka sita nitampiga mimi, siku ya kuzaliwa kwangu. Siku ya kuzaliwa ikafika, Askofu hayupo. Majira ya kuchipua nikamkuta kwenye maonyesho ya pembe, anatazama watu kutoka kwenye ubao wa Ožbej. Ubao umeandikwa Rebernica."

"Huna ushahidi," alisema Ožbej.

"Sina. Ndiyo maana nimekaa na kisiki, sikukaa na polisi." Akanyoosha fimbo kuelekea shimoni. "Jaza trela. Siwezi kumnyima mtoto udongo. Ila ujaze nikiwa nakutazama."

Na mzee alijaza. Koleo arobaini na kitu, jasho likimtiririka puani, Hanzi akihesabu kimoyomoyo na midomo ikicheza. Neža alishuka, akajichotea konzi, akala. Hapana aliyemkataza, kwa maana watu wazima watatu walikuwa na aibu zao za kushughulikia.

*

"Wangapi?" Marjana aliuliza jikoni.

"Umesikia habari za mlevi ukaziamini?"

"Baba. Wangapi wametoka kwa Hanzi?"

Ožbej alimenya kiazi kimoja hadi mwisho. Ganda lilitoka zima.

"Wote."

"Kumi na wawili?"

"Wa kwetu unawajua wewe? Wamedumaa. Pembe kama vidole vya mgonjwa, nyingine laini, unaivunja kwa mkono. Meno yameoza wangali vijana. Mtu atatundika hiyo ukutani? Mtu ataipeleka kwenye maonyesho, kamati ije na rula, imcheke?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua ni wabaya. Sikujua kwa nini wabaya."

"Na maini ya hao wa kwetu tumeyakula."

"Ini ni haki ya aliyepiga," alisema mzee kwa mazoea, kama mtu anayejibu sala, halafu akasikia alichokisema, akaliweka kisu chini.

Marjana alisimama katikati ya jiko ameshika kitambaa cha sahani. Trela tatu za udongo mweusi zilikuwa nje, na kuku walikwishaanza kuzichakura na kuzichanganya na ule wa zamani. Bustani ilikuwa kubwa kuliko trela mia.

"Ijumaa utasimama useme."

"Watanifukuza chama."

"Wakufukuze."

"Hujui unachosema. Umekuja hapa kutoka mjini, unadhani chama ni kunywa." Sauti ya mzee ilipungua. "Mwindaji akifa, wenzake wanambeba. Baragumu inapigwa pale shimoni. Kila mmoja anadondosha kitawi cha msonobari juu ya jeneza, kama tunavyomwekea kulungu kitawi mdomoni akishapigwa. Miaka hamsini na mbili nimewadondoshea wengine. Nikifukuzwa nitazikwa kimya, kama mtu aliyegongwa na baiskeli."

"Mimi sijali utazikwaje, baba," Marjana alisema. "Najali huyu akue."

Lilikuwa neno zito, na alilijua lilipokuwa bado linatoka. Hakulirudisha. Walimaliza kumenya viazi bila kutazamana, na siku tatu walizungumza kupitia kwa mtoto. Neža, mwambie babu supu iko tayari. Neža, mwambie mama babu hana njaa.

*

Jumba la wazima moto lilijaa. Wa nyekundu walikaa mbele wakiwa na amani ya watu waliokwisha kupewa. Wawindaji walijipanga ukutani, makoti ya kijani, mikono kifuani, na mbele yao kabisa Filip, mwenyekiti wao, sharubu zimechanwa. Hanzi na wachache wa chama cha juu walikaa nyuma karibu na mlango. Daktari Polona, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, alieleza kazi yake kwa dakika arobaini. Aliipenda kazi hiyo, ungeona. Alimtaja Ožbej kwa jina na watu wakapiga makofi.

Ožbej alisimama makofi yalipokuwa bado yanaendelea, ikadhaniwa anashukuru.

"Siyo za Rebernica," alisema.

"Samahani, mzee?"

"Pembe zangu. Mbao ni za Rebernica. Kulungu ni wa ng'ambo ya Sušica."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, wa pili akamfuata, kicheko kikazunguka jumba zima kama sahani ya sadaka. Daktari Polona peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika penseli.

"Ipi kati ya hizo?"

"Zote."

"Na wewe bwana?" daktari aliuliza akigeukia nyuma, maana Hanzi alikuwa amesimama.

"Ni kweli," Hanzi alisema. "Wote kumi na wawili ni wangu. Wengine niliwapa majina."

Daktari akaifuta Rebernica. Alivuta mistari kumi na miwili kwenye jedwali lake, polepole, kila mmoja ukimuuma. Kisha aliinua macho, akawatazama wanaume wa makoti ya kijani.

"Nitauliza mara moja, na siandiki jina la mtu. Kuna mwingine ambaye mahali palipoandikwa si mahali penyewe?"

Nimeona watu wakikagua viatu vyao kanisani, nimeona watu wakikagua viatu vyao bili ya pombe inapofika mezani. Sijapata kuona viatu vikikaguliwa kama jioni ile. Filip alikagua vyake mpaka mshono.

"Vizuri," alisema daktari, na ungejua haikuwa vizuri.

Gorazd alichukua karatasi na gundi. Marjana alikaa ukingoni mwa kiti, mtoto amelala mapajani, akimtazama kijana yule akienda kwenye ramani aliyoileta kutoka ofisini. Karatasi nyeupe ikabandikwa juu ya kijani cha Rebernica.

"Nyeupe," Gorazd alisema. "Hakuna taarifa."

"Basi ipakeni nyekundu," alisema Marjana.

"Nyekundu inahitaji ushahidi, dada. Nyeupe si nyekundu."

"Na kijani ilihitaji nini? Uongo ulitosha?"

Wengine walicheka tena, safari hii upande wake, lakini kicheko hakipakwi kwenye ramani.

"Ninazo jozi tatu za kwetu kweli," Ožbej alisema. Alikuwa bado amesimama, hakuna aliyemwambia akae. "Ziko zizini. Tunatundikia kamba za ng'ombe."

Daktari Polona aligeuka haraka. "Za mwaka gani?"

"Sijui. Sikuziandika. Zilikuwa mbaya."

"Nani anaweza kuthibitisha zilipotoka?"

"Mimi."

Hapo ndipo jumba lilipocheka kicheko chenyewe. Hata wazee wa mbele walifuta macho. Ožbej alingoja kiishe, akakaa, akaivua kofia na kuiweka gotini kama mtu anayengoja kwa daktari wa meno.

Daktari Polona aliwaeleza, kwa sauti ya kuomba radhi, kitakachofuata: kulungu watano au sita wa Rebernica, wapigwe kiangazi hiki mbele ya mashahidi, pembe na maini yaende maabara, majibu kabla ya Krismasi, orodha ya mwaka ujao. Orodha ya mwaka huu ikafungwa kwa mikono iliyoinuliwa. Filip aliinua wake.

Nje, chini ya taa ya mlango, Filip alimsimamisha mzee. Wenzake watatu walikuwa nyuma yake, na kati ya hao watatu wawili wana kulungu wa Hanzi majumbani mwao. Mimi nimewaona, nimekula chini yao.

"Ni kanuni, Ožbej. Unaijua, ulisaidia kuiandika."

"Naijua."

"Kofia ni yako, baki nayo. Beji ni ya chama."

Vidole vya mzee havikuweza kufungua pini. Marjana alimpa Simon mtoto, maana ilikuwa wiki ya soksi na alikuwa amefika kwa kuchelewa, akaifungua yeye. Akaiweka kwenye kiganja cha Filip bila kumtazama.

"Ameharibu kazi ya miaka mitatu ya watu," mmoja wa wale watatu alisema.

"Kweli," alisema Marjana. "Peke yake kabisa."

Walikwenda kwenye gari. Marjana alikuwa na hasira asiyojua aielekeze wapi: kwa mkwe, kwa Gorazd, kwa sharubu za Filip, kwa bomba lililosimama juu ya paa zote. Mzee alikuwa amesema kweli, na kweli ile iliwapa karatasi nyeupe na mwaka mwingine wa kunawa mikono. Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, mwaka mzima ni karibu nusu ya maisha yake.

Hanzi alikuwa ameegemea mlango wa gari lao.

"Mnamleta lini?" aliuliza.

"Nani?" alisema Simon.

"Mtoto. Mke wangu Trezka ametoa kitanda cha wajukuu darini, amekisugua tangu nilipomwambia habari za pale shimoni. Kiangazi chote mwacheni kwetu. Mama yake aje kulala akitaka, nafasi ipo."

Ožbej aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Wewe utatusamehe, Hanzi?" Simon aliuliza.

"Nani kasema habari za kusamehe? Askofu nitamlilia mpaka kaburini." Akajiondoa mlangoni, akamgeukia mzee mwenzake. "Lakini udongo wangu ni safi, Ožbej. Wewe mwenyewe umethibitisha mara kumi na mbili."

*

Wakampeleka Jumapili. Trekta iliachwa nyumbani. Ožbej alimbeba Neža mabegani njia nzima, saa moja na nusu ya kupanda, akipumzika kila mahali ambapo zamani angejificha. Kwenye Sušica alisimama. Miaka ishirini na tisa alikuwa amekivuka kijito hicho kabla ya jua, ameinama. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na Hanzi alikuwa ng'ambo amesimama wazi, anapunga mkono.

"Naomba kupita," alisema Ožbej.

"Pita."

Trezka alikuwa ameandaa mkate wa ngano nyeusi, maziwa na sharubati ya tufaha. Wanaume walikaa ncha mbili za benchi moja, wakazungumza juu ya mvua. Marjana alipanga nguo za mtoto, fulana, soksi, sabuni. Sabuni aliitazama kidogo, akairudisha mfukoni.

Alipotoka nje Neža alikuwa amechuchumaa karibu na kitalu cha maboga. Alichimba kwa vidole viwili, akachota konzi ya udongo mweusi, akaifungua mkononi na kuichunguza. Halafu akaipeleka mdomoni.

Mama yake aliinua mguu kumkimbilia. Ožbej alikuwa amekwisha kusimama kutoka kwenye benchi. Trezka alishika mdomo.

Mtoto akatafuna, akimtazama kila mmoja kwa zamu, akingoja kelele.

Marjana akaurudisha mguu chini.